Hilux 3L inapiga "ta!" moja halafu kimya, fundi anasema ninunue stata nyingine. Nikubali?

Mwana_Newala
Habari za humu wakuu, kwema? Naombeni msaada maana hapa nimeshachoka, gari inasukumwa kuliko mkokoteni. Nina Hilux LN106 ya mwaka 94, injini 3L dizeli, niko nayo Newala. Kazi yake ni kuteremka Mtwara kufuata bidhaa za duka, na msimu wa korosho ukiingia inabeba magunia kutoka shamba mpaka ghala la chama, kwa hiyo mnaelewa kwa nini nina haraka, Oktoba hiyo inapiga hodi.

Sasa tatizo. Nageuza funguo, inapiga "ta!" moja nzito halafu kimya. Taa za dashibodi wala hazitikisiki. Narudisha nageuza tena, ta. Tena, ta. Mara ya sita au ya saba inaunguruma kama haijawahi kuumwa. Wiki iliyopita nimesimama Mikindani kununua samaki, nimerudi kwenye gari imegoma mara ishirini na kitu, nilikuwa nahesabu kabisa, mwisho vijana wakanisukuma kwa buku tano na kejeli juu.

Fundi wangu kasikiliza mara moja tu akasema stata (ile mota inayozungusha injini iwake) imekufa nunua nyingine. Lakini hii yenyewe ni ya mtumba niliinunua mwaka jana laki na nusu, nikaapiwa kwamba imetoka Japani juzi, imefanya kazi vizuri miezi mitatu ndo ikaanza haya. Sitaki kununua ugonjwa wa mtu mwingine tena. Swali langu, hii kitu inafunguka ikatengenezeka, au ndo ikishakufa imekufa?

Kijana_wa_Ligula
Mkuu mbona rahisi, chukua spana ya matairi, mmoja akae kwenye funguo mwingine alale chini aipige stata mgongoni kidogo kidogo. Itawaka. Mi nilitembea na Carina miezi minne kwa staili hiyo, mke wangu akawa fundi mgongaji, akisikia "ta" anashuka mwenyewe hata sijamwambia 😂

Ex_Dereva
Angalia hita plagi kwanza mkuu, zile za kupasha moto injini ya dizeli kabla haijawaka. Dizeli ya zamani asubuhi na baridi ya huko juu Newala lazima isumbue.

Fundi_Umeme_Masasi
@Ex_Dereva hapana mkuu, tusimchanganye. Hita plagi zikifa injini itazungushwa na stata vizuri tu, kukuru kukuru kukuru, ila haishiki moto, au inashika kwa moshi mweupe. Yeye injini yake haizunguki kabisa. Hayo magonjwa mawili hayana hata undugu.

@Kijana_wa_Ligula kugonga kunaamsha kweli, kwa sababu kaboni iliyoning'inia (kile kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) inarudi kugusa au sahani ya ndani inahama kidogo, lakini hujatibu, umemwamsha mgonjwa tu. Na kuna stata ambazo ndani hazina koili za nje, zina sumaku zilizogandishwa ukutani, zile ukizigonga sumaku inapasuka kama kigae na hapo ndo umeua kweli. Ya 3L ni ya koili, itavumilia, ila usiifanye mazoea.

Sasa mwenye gari nisikilize. Stata inaongea, tatizo watu hawaisikilizi. Ikipiga "ta ta ta ta ta" mfululizo kama cherehani, hapo ni betri imechoka au temino zimelegea, umeme hautoshi kushikilia. Ikilia "wiiii" kwa mbio na injini imetulia, hiyo ni bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayotoka kwenda kushika injini, inateleza au haifiki kwenye meno. Ikikwaruza "grrrr" meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini linaloshikwa na bendeksi, yameliwa. Ikipiga "ta!" moja nzito kama ya kwako ina maana selenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, imevuta vizuri, mlango umefungwa, lakini umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye mota. Na hizi stata za Denso zenye gia ndani, ambazo Toyota kaweka karibu kila gari ya miaka hiyo, ugonjwa wake nambari moja ni kopa. Mle kwenye selenoidi kuna vipande viwili vya kopa vilivyopinda, katikati inakuja sahani ya kopa iliyobebwa na ule mchi unaovutwa, inavigusa vyote viwili kwa mpigo. Kila ukiwasha pale panapiga cheche, kopa inaliwa. Ile ya upande wa betri ndo inawahi kuisha. Ikishaliwa sahani inagusa upande mmoja tu, mwingine inakaribia lakini haifiki. Ukijaribu mara saba sahani inajizungusha kidogo, inakuta sehemu ambayo haijaliwa, inawaka. Ndo maana na yako inaamka mara ya saba.

Lakini usifungue kitu kabla hujapima. Una mita? Hata ile ya elfu kumi na tano inatosha. Weka kwenye temino za betri, mtu ageuze funguo. Ikipiga "ta" na namba ikabaki palepale juu ya 12, ujue hakuna umeme unaotembea, lawama ni kopa, au kaboni, au waya. Ikianguka mpaka 8 au 7, betri imekufa au mota imekwama. Kama huna mita washa taa kubwa usiku ukutani, ndo mita ya masikini: "ta" na taa zinawaka vilevile ni kundi la kwanza, taa zikizimika kama koroboi iliyoishiwa mafuta ni kundi la pili.

Halafu siku ikikubali kuzunguka, weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya injini yenyewe, si chesisi, nyingine kwenye hasi ya betri, soma wakati stata inazungusha. Isizidi 0.3. Upande wa chanya, kutoka betri mpaka boliti kubwa ya stata, isizidi nusu volti. Ikizidi kuna waya unakula umeme njiani.

Mama_Duka_Lindi
Naunga mkono hapo kwenye waya kwa mikono miwili. Mimi nina Corolla ya 1996, naishi jirani kabisa na bahari, nimenunua stata mbili ndani ya mwaka mmoja, MBILI, na betri mpya juu, na kila fundi anaondoka na hela yangu akiwa na uso wa huruma. Kumbe ni waya wa ethi, ule mpana uliosukwa kama mkeka unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Kwa nje unaonekana mzima, nilipoushika ukakatika mkononi kama mkate mkavu, ndani kila uzi ulikuwa wa kijani. Chumvi ya upepo wa huku hamuifahamu nyie wa Newala na Masasi, bati za nyumba zenyewe zinatuambia. Mdogo wangu alifunga waya mpya mnene wa betri, akakwangua rangi pale kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, tukapaka mafuta ya mgando juu ili unyevu usiingie. Elfu kumi na nane yote kwa yote. Zile stata mbili "mbovu" ninazo store mpaka leo na naamini zote ni nzima.

Kwa hiyo kaka angu wa Newala, na wewe umesema unasimama Mikindani kununua samaki. Wanakaa wapi hao samaki? Maana ndoo ya barafu ya samaki ikivuja mle kwenye bodi ile chumvi inatafuta waya moja kwa moja.

Mwana_Newala
@Mama_Duka_Lindi dada samaki wanakaa nyuma kwenye tenga, lakini betri ya pili niliyofungia redio iko hukohuko nyuma na ethi yake nimeifunga kwenye bodi hapohapo maji yanapopita 🙈 umenichoma.

@Fundi_Umeme_Masasi nimepima leo asubuhi. Betri imelala usiku kucha inasoma 12.5. Nikapiga funguo, "ta", mita ikabaki 12.3. Nikarudia mara nne, vilevile. Mara ya tano ikazunguka, kijana wangu alikuwa na mita kwenye injini na hasi ya betri akasoma 1.4. Nikamwambia umesoma vibaya, tukarudia baadae, 1.5. Hii maana yake nini, ni vyote viwili?

Fundi_Umeme_Masasi
Vyote viwili mkuu. 12.3 na "ta" ni kopa, hiyo naweka kichwa. Na hiyo 1.4 ni ethi ya injini, umeme unarudi kwenye betri kwa kuchechemea. Ndo maana hata ikizunguka inazunguka kwa uvivu, si ndio? Na ethi mbovu ndo inayokula kopa, volti zikiwa chini selenoidi haibani kwa nguvu, sahani inagusa kwa kutetemeka, cheche zinakuwa nyingi. Ungefunga stata mpya kabisa toka kwenye boksi, baada ya miezi ungekuwa hapahapa. Nadhani hata hiyo ya mtumba uliyouziwa haikuwa na shida sana, ila sitetei muuzaji.

Fanya hivi. Toa hasi ya betri KWANZA kabla spana haijagusa stata, ule waya mkubwa una moto muda wote hata funguo ukiwa nayo mfukoni, ukigusisha spana na chesisi utaona jua mchana. Kama una pete vua. Shusha stata, isafishe nje kwa dizeli na brashi kabla ya kufungua, maana mchanga ukiingia ndani umejitafutia kazi ya pili.

Kopa utazifikia kwa kufungua kifuniko cha nyuma cha selenoidi, boliti tatu ndogo, ukivuta mchi unatoka na springi yake. Angalia sahani pia, kama ina shimo au imeliwa upande mmoja badili na yenyewe, ukibadili kopa tu ukaacha sahani mbovu umevaa kiatu kipya mguu mmoja. Seti ya kopa na mchi wake maduka ya spea Mtwara unaweza kupata, ukikosa agiza Gerezani Dar inakuja na basi. Beba za zamani ukalinganishe kwa macho, zipo za saizi tofauti na kushoto na kulia hazifanani. Na akitokea mtu akakwambia atajaza shimo kwa risasi ya kulehemu, mkimbie. Pale panapita ampea mia na zaidi, risasi itayeyuka siku ya kwanza.

Ukiwa umeshaishusha basi malizia na kaboni. Zipo nne. Zikibaki nusu ya urefu wa mpya, badili. Zinachomelewa, na hapo kuna siri: shika ule mkia wa waya kwa koleo karibu na kaboni ili risasi isipande juu, ikipanda waya unakuwa mgumu kama kijiti, kaboni haitelezi kwenye nyumba yake. Amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, pale kwenye vipande vya kopa kaboni zinapokimbilia isafishe kwa msasa laini wa kawaida, siyo ule mweusi wa chuma, chembe zake zinapitisha umeme zikikwama kati ya vipande. Mifereji kati ya vipande ichokonoe kwa kipande cha msumeno wa chuma, kaboni iliyojaa mle itoke. Weka mita kati ya vipande na shafti, ikilia amecha imeungua, hapo ndo tuongee habari ya kununua. Beringi mbili ndogo za amecha zungusha kwa kidole, zikikwaruza badili. Bendeksi izungushe, upande mmoja iende huru, upande wa pili ibane. Ikienda huru kote imekufa.

Babu_LandRover
Wajukuu mmenikumbusha mbali. Mimi niko Nachingwea na Land Rover Series III ya petroli, stata yake ni ya Lucas ya kizamani, haina hayo makopa mgongoni, selenoidi iko peke yake ukutani mwa injini. Bendeksi yake hairushwi na mchi, inajirusha yenyewe kwa mzunguko wa shafti yenye nyuzi kama za skrubu. Inakwama kwenye flaiwili, basi hiyo ndo starehe yake. Ikikwama weka gia ya juu, tikisa gari mbele nyuma, inaachia. Au toa kofia ndogo ya bati nyuma ya stata, utakuta ncha ya shafti imechongwa pembe nne, weka spana zungusha, inatoka. Waingereza walikuwa wanajua itakwama ndo maana wakaweka pa kushika.

Jambo moja tu nisisitize, bendeksi ya hivyo HAIPAKWI grisi. Vijana wanaona kavu wanaionea huruma wanaipaka, vumbi jekundu la huku linajaa, wiki mbili imekuwa udongo wa kufinyangia. Ioshe kwa mafuta ya taa iache kavu. Bushi za shaba zile ndo zinataka mafuta, unaziloweka kwenye oili usiku kucha kabla hujazigongea.

Kijana_wa_Ligula
Shikamoo babu. Sasa hiyo spana unaiweka mvua inanyesha umevaa kanzu ya Ijumaa 😂

Babu_LandRover
Marahaba. Mwenye Land Rover hana kanzu nyeupe.

Mwana_Newala
Wakuu mrejesho, na aibu juu yake.

Nimeshusha stata Jumamosi chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Kopa fundi alisema kweli tupu, ya upande wa betri imeliwa mpaka imebaki kama ukucha, ya pili ina afya kabisa. Sahani ina tundu la mviringo kama mtu kaing'ata. Kaboni mbili zilikuwa fupi mbili nzuri, nikabadili zote nne. Ethi nayo nimeikuta, boliti imefungwa juu ya rangi, na rangi yenyewe si ya kiwandani, kuna mtu alipiga bodi rangi akafunga waya juu yake. Nimekwangua, nimeweka waya mpya, mafuta ya mgando juu kama dada wa Lindi alivyosema.

Nikafungasha, nikapandisha, nikageuza funguo kwa mbwembwe mbele ya watu waliokuja kuangalia. "Wiiiiiii." Mota inakimbia kama feni, injini imelala. Nikarudia, wiiii. Jirani mmoja akauliza kama hiyo ndo sauti ya mpya. Nimekosea wapi? Bendeksi niliizungusha, upande mmoja huru upande mwingine inabana kama ulivyoniambia.

Fundi_Umeme_Masasi
Ulitenganisha nyumba ya gia na selenoidi? Kama ndio, gololi iko wapi?

Mwana_Newala
Gololi gani?

Fundi_Umeme_Masasi
😂😂😂 Mkuu. Ndani ya shafti ya bendeksi kuna tundu, mle inakaa gololi moja ya chuma. Mchi wa selenoidi unaisukuma gololi, gololi inasukuma shafti, meno yanatoka kwenda kwenye flaiwili. Ukitenganisha nyumba hizo mbili stata ikiwa imeelekea chini, gololi inadondoka na haigongi kengele. Bila hiyo mchi unafika kwenye kopa, umeme unapita, mota inazunguka, lakini meno hayajasukumwa vya kutosha. Ndo "wiiii" yako. Katafute pale ulipofungulia. Ukiikosa usiweke gololi yoyote tu ya beringi ya baiskeli, inatakiwa saizi ileile, nenda kwa fundi yeyote mwenye stata iliyoungua ya aina hiyo atakutolea. Ukiipata ipake grisi kidogo inate kwenye tundu ndo ukutanishe nyumba.

Mama_Duka_Lindi
Tumia sumaku ya spika mbovu, burura kwenye mchanga chini ya huo mkorosho.

Mwana_Newala
Nimeburura sumaku saa nzima, nimepata misumari sita na kizibo cha soda. Halafu mwanangu wa darasa la tatu akaniambia baba gololi ya chuma anayo Juma wa jirani, tangu Jumamosi anawamaliza wenzake wote mtaani, ya chuma ikigonga ya kioo inaipasua. Nimemfuata, kaniangalia, kasema yeye kaiokota. Ana gololi za kioo kumi na nne alizoshinda nayo. Tumebishana bei kama tuko mnadani, kakubali kwa mia tano na gololi mbili mpya za dukani kwangu.

Nimefunga leo saa kumi jioni. Imewaka mara ya kwanza. Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha, mara kumi. Mita kwenye ethi inasoma 0.2. Kopa za zamani nimeziweka kwenye kopo, kuna mtu wa spea wa kuonyeshwa.

Kijana_wa_Ligula
Na Juma umwambie mi nina stata ya Carina hapa imekufa, kama anataka gololi nyingine aje tufanye biashara.